Bakteria Wanaoua Viluwiluwi vya Mbu: Dawa Hii Inafanya Nini, na Kazi Yako ni Ipi



Mvua ikinyesha siku chache, madimbwi hujaa. Wiki moja au mbili baadaye mbu huongezeka. Baada ya hapo foleni ya akina mama wenye watoto wa homa hurefuka kwenye kituo cha afya. Mfuatano huo unaujua vizuri. Makala haya yanaeleza njia moja ya kuukata mwanzoni kabisa, kabla mbu hajapata mabawa. Ni dawa inayotengenezwa kutokana na bakteria. Inamwagwa kwenye maji yaliyotuama na inaua viluwiluwi vya mbu.

Dawa hii imetumika Dar es Salaam, magharibi mwa Kenya na katika nchi nyingine nyingi. Kila inapofika, watu huuliza maswali yaleyale. Je, ni sumu? Itadhuru watoto wanaocheza majini? Itamaliza malaria? Na kama haijafika kwetu, tufanye nini? Maswali hayo ni ya haki, na hapa tunayajibu.

MBU ANATOKA WAPI?

Wengi huamini kwamba mbu huzaliwa kwenye majani na vichaka. Mbu hupumzika huko, lakini hazaliwi huko. Mbu wote huzaliwa majini.

Mbu jike hutaga mayai kwenye maji au kandokando yake. Baada ya siku mbili au tatu mayai huanguliwa na kuwa viluwiluwi, vile vijidudu vinavyojinyonganyonga ukitikisa maji. Kiluwiluwi hula kwa muda wa wiki moja hivi, kisha hugeuka kuwa pupa, mwenye umbo la alama ya mkato. Pupa hali chochote. Siku mbili hivi baadaye ngozi yake hupasuka na mbu huruka. Kukiwa na joto, safari yote kutoka yai hadi mbu huchukua siku 7 hadi 14.

Shika mambo mawili hapo. La kwanza, kiluwiluwi hana mabawa. Hawezi kukimbia kutoka dimbwi moja kwenda jingine. La pili, kiluwiluwi ni lazima ale. Dawa ya bakteria inafanya kazi kwa sababu ya mambo hayo mawili.

Mbu si wa aina moja. Anayeleta malaria ni anofelesi. Anapenda maji yasiyo machafu sana, yanayopigwa na jua: shimo la matofali, dimbwi la barabarani, nyayo za ng'ombe kando ya mto. Kuleksi, anayeweza kueneza matende, hupenda maji machafu: vyoo vya shimo vyenye maji, mitaro ya maji taka. Ukitaka kuwatambua, chota maji kwa bakuli jeupe, utulie, uangalie. Kiluwiluwi wa anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea. Wa kuleksi huning'inia kichwa chini, mkia juu.

BAKTERIA HAWA WALIPATIKANAJE?

Mwaka 1901 huko Japani, mtaalamu Ishiwata Shigetane alichunguza viwavi wa hariri waliokuwa wakifa, akakuta bakteria ndani yao. Mwaka 1911 Mjerumani Ernst Berliner alieleza bakteria wa aina hiyohiyo kutoka kwa nondo wa unga, akawapa jina la jimbo la Thuringia. Baadaye wakulima walianza kuwatumia dhidi ya viwavi wanaokula mazao.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kama kuna aina inayoua mbu. Mwaka 1976, katika jangwa la Negev nchini Israeli, Joel Margalit na Leonard Goldberg walikuta kidimbwi kilichojaa viluwiluwi waliokufa. Ndani yake walipata aina mpya ya bakteria hao. Aina hiyo kwa kifupi huitwa Bti, na herufi hizo ndizo utakazoziona kwenye makopo na mifuko ya dawa. Kuna bakteria mwingine anayetumika, anayeitwa Bs. Huyo hustahimili maji machafu kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo hutumika hasa kwenye vyoo na mashimo ya maji taka.

WANAUAJE?

Bakteria wa Bti hutengeneza ndani ya miili yao chembe ndogo sana ya protini. Chembe hiyo yenyewe haina nguvu mpaka iliwe.

Kiluwiluwi huchuja maji na kula kila kilicho kidogo, akaila na chembe hiyo. Tumbo la kiluwiluwi halina asidi kama letu. Lina hali inayofanana na maji ya majivu. Katika hali hiyo chembe huyeyuka, na vimeng'enya vya tumboni huikata ikawa sumu. Sumu hiyo hushika ukuta wa utumbo na kuutoboa. Kiluwiluwi huacha kula, na kwa kawaida hufa ndani ya siku moja.

Sumu ya Bti ni mchanganyiko wa protini kadhaa zinazosaidiana. Ndiyo maana ni vigumu kwa mbu kuizoea, tofauti na dawa nyingi za kupulizia. Bs ana sumu ya aina moja zaidi, na katika nchi kadhaa, kama India na Brazili, kuleksi wamewahi kumzoea.

JE, INADHURU WATU, MIFUGO NA SAMAKI?

Tumbo la mtu lina asidi, na utumbo wake hauna mahali pa kushikwa na sumu hiyo. Ni hivyo pia kwa ng'ombe, mbuzi, kuku na samaki. Nyuki pia hawadhuriwi. Wanaoweza kufa pamoja na mbu ni wadudu wachache wa majini walio karibu nao kwa jamii, wakiwemo usubi. Kwa kweli, katika miaka ya 1980 Bti ilimwagwa kwenye mito ya Afrika Magharibi ili kuua usubi wanaoleta upofu, kwa sababu usubi walikuwa wameanza kuzoea dawa ya zamani.

Shirika la Afya Duniani limekagua baadhi ya dawa za Bti na kukubali zitumike hata kwenye vyombo vya maji ya kunywa, zikiwa zimetengenezwa kwa kazi hiyo na kwa kipimo chake. Lakini hiyo si ruhusa ya kumwaga unga wowote kwenye pipa lako. Dawa ya dimbwi si lazima iwe dawa ya pipa. Anayechanganya dawa avae glavu na kufunika pua na mdomo, kwa sababu vumbi lake huwasha macho na kifua.

Katika makambi uvumi husambaa upesi. Mtu akisikia kwamba "wazungu wanamwaga kitu majini", hofu huingia, na wapo walioteseka kiasi kwamba hofu yao ina sababu. Kwa hiyo usione aibu kuuliza. Watu wakija na dawa, waulize: Dawa inaitwaje? Nani ameiruhusu? Mtarudi lini? Tukipata shida tumwambie nani? Mfanyakazi mwema atajibu na kukuonyesha kopo. Asiyetaka kujibu, mpelekee habari mwenyekiti wa kijiji chako au ofisi ya kamandanti.

KAMPALA INATUFUNDISHA NINI?

Wengi wenu mmepitia Kampala, au mna ndugu Kisenyi, Katwe na Nsambya. Mnaijua sura yake: vilima juu, mabonde chini. Mabondeni kulikuwa na vinamasi vya mafunjo. Mtaro wa Nakivubo hukusanya maji ya mji na kuyapeleka kwenye kinamasi, kisha ziwani. Kandokando watu hulima magimbi na kuchimba udongo wa matofali. Mvua ikizidi, Bwaise huzama.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu walikagua mazalia ya mbu katika baadhi ya sehemu za Kampala na Jinja. Walikuta kwamba mengi yalikuwa kazi ya mikono ya watu: mashimo ya matofali, mitaro iliyoziba, madimbwi ya barabarani. Kabale nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha vijiji vilivyo karibu na vinamasi vya mafunjo na vile vilivyo karibu na vinamasi vilivyofyekwa na kulimwa. Penye kulimwa palikuwa na joto zaidi, na mbu wa malaria majumbani walielekea kuwa wengi zaidi.

Maana yake ni hii. Kinamasi chenye mafunjo mazito kina kivuli, na anofelesi hapapendi sana. Mtu akifyeka, akachimba shimo, jua likaingia na maji yakatuama, amemjengea mbu nyumba. Mbu mwingi wa malaria anatoka kwenye maji madogo yaliyo karibu na mlango wako.

Habari hiyo ni mbaya na ni njema pia. Ni mbaya kwa sababu sisi wenyewe tunamlea mbu. Ni njema kwa sababu kilichochimbwa kwa jembe kinaweza kufukiwa kwa jembe.

DAR ES SALAAM: ILIFANYIKAJE?

Mwaka 2004 mji wa Dar es Salaam ulianzisha mpango wa kupambana na malaria mjini katika kata 15. Mwaka 2006 dawa ya bakteria ilianza kumwagwa katika kata tatu: Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Baadaye kata nyingine ziliongezwa.

Kazi haikufanywa na wageni. Wakazi wa mitaa waliajiriwa, kila mmoja akapewa eneo lake. Kila wiki alipita nyumba kwa nyumba, akaandika kila penye maji, na penye maji ya wazi Bti ikamwagwa. Kwenye vyoo na mashimo yaliyofunikwa walitumia Bs kila baada ya miezi mitatu.

Matokeo? Uchunguzi wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa penye dawa uwezekano wa mtu kukutwa na vijidudu vya malaria ulipungua kwa asilimia 72. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2013 na kutazama kipindi kirefu zaidi na kata nyingi zaidi, ulipata upungufu wa asilimia 21. Tunataja hesabu zote mbili ili usidanganywe na moja. Dawa ilisaidia, lakini haikumaliza malaria. Tanzania iliendelea na njia hiyo, na mwaka 2015 kiwanda cha kutengeneza dawa hizi kwa utaalamu wa Cuba kilifunguliwa Kibaha.

Magharibi mwa Kenya, kwenye mabonde ya nyanda za juu, jaribio la miaka ya 2004 hadi 2007 lilionyesha jambo jingine. Watoto wa mahali palipokuwa na vyandarua pamoja na dawa ya viluwiluwi walipata maambukizi mapya machache kuliko wa mahali penye vyandarua peke yake, takriban nusu.

INASHINDWA WAPI?

Nchini Gambia, mwaka 2006 na 2007, Bti ilimwagwa kila wiki kandokando ya mto mkubwa. Viluwiluwi walipungua sana, lakini malaria kwa watoto haikupungua. Mto ulifurika eneo pana mno. Watu wa miguu hawakuweza kufika kila mahali, na mbu waliruka kutoka sehemu zisizofikiwa.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, Shirika la Afya Duniani hushauri njia hii itumike pale ambapo mazalia ni machache, hayahamihami, na yanaweza kupatikana. Ukiishi kando ya ziwa au kinamasi kikubwa, usitegemee dawa imalize mbu wote. Lakini mashimo yaliyo katikati ya nyumba zenu yanahesabika, na kila mtu anajua yalipo.

Ugumu wa pili ni muda. Jua huharibu Bti, na dawa huzama kwenye matope. Baada ya siku chache, au wiki moja, nguvu yake imekwisha, na mayai mapya yameanguliwa. Tena pupa hali, kwa hiyo hafi kwa dawa hii. Ukimwaga mara moja na kupumzika mwezi mzima, ni kama hukumwaga. Kazi hii ni ya kila wiki.

KAZI YAKO NI IPI?

Dawa ikija, inakuja mikononi mwa watu waliofundishwa. Lakini hata ikija, wao hawajui shimo lililo nyuma ya nyumba yako. Wewe unajua. Na isipokuja, bado unaweza kufanya mengi bila senti moja.

1. Chagueni siku moja ya wiki. Kila Jumamosi, kwa mfano, kila nyumba izunguke kiwanja chake. Ukikatiza kila siku ya saba, viluwiluwi wengi hawatafikia kuruka.

2. Mwaga, fukia au toa maji. Maji ya kopo, tairi na sufuria mbovu, yamwage. Dimbwi dogo, lifukie kwa udongo na mawe. Dimbwi kubwa, lichimbie mfereji maji yatoke. Fukia kwanza. Dawa ni ya maji yasiyoweza kuondolewa.

3. Shimo la matofali. Tunajua matofali ni nyumba yako, na kwa wengine ni chakula na ada ya shule. Hatusemi msifyatue. Tunasema: chimbeni pamoja mahali pamoja, mbali na nyumba, badala ya kila mtu kuwa na shimo lake. Chimbeni upande wenye mteremko ili maji yapate njia. Tofali la mwisho likishatoka, rudisheni udongo na taka za shambani.

4. Shimo la kulowekea mihogo. Loweka kwenye chombo chenye kifuniko ikiwezekana. Ukitumia shimo, ukimaliza likaushe na ulifukie.

5. Pipa na jerikeni. Vifunike. Pipa lisilo na kifuniko, lifunge kitambaa safi kinachobana. Lisugue ndani kila wiki, maana mayai ya mbu wengine hushika ukutani.

6. Bombani na kisimani. Maji yanayomwagika yachimbiwe mfereji hadi shimo lenye mawe au bustani ya mboga. Watumiaji wapange zamu ya kuuzibua.

7. Choo. Funika tundu. Ukiona mbu wengi wanatoka shimoni, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji, kwa sababu hapo ndipo Bs inaweza kusaidia.

SHIMO LA ALIYEHAMA NI LA NANI?

Swali hili huleta ugomvi. Jirani amepata safari, au amerudi kwao, au amehamia Kampala. Ameacha shimo limejaa maji. Kila mtu anasema, "Si langu." Mwenye shimo amehama, lakini mbu wake hawakuhama naye. Mbu wa malaria huweza kuruka mamia ya mita, hata zaidi ya kilomita moja. Hatauliza shimo ni la nani, wala mtoto aliyelala ni wa kabila gani au wa nchi gani.

Kwa hiyo tunashauri kila kijiji kiwe na orodha ya mashimo na madimbwi. Iandikwe na mwenyekiti pamoja na wahudumu wa afya wa kijiji. Shimo lisilo na mwenyewe lifukiwe kwa kazi ya pamoja. Orodha hiyo ina faida nyingine. Mkiomba dawa ya bakteria, mtaulizwa kwanza: mazalia mangapi, na yako wapi? Kijiji chenye orodha kina jibu.

MAMBO YA KUJIHADHARI

- Usinunue unga wa "dawa ya mbu wa majini" uliofungwa kwenye karatasi au mfuko usio na jina. Bti halisi ina maelezo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Joto na unyevu huiharibu.

- Usimwage dawa ya mashambani wala oili chafu ya gari kwenye maji. Huua samaki, huharibu visima na huweza kumdhuru mtoto.

- Usiache chandarua. Dawa ya bakteria haiui mbu mzima anayeruka. Mbu aliyekwisha kuruka atakuja usiku uleule. Watoto wadogo na akina mama wajawazito walale chini ya chandarua kila usiku, wa kwanza kuliko wote.

- Mtoto akipata homa, usingoje. Mpeleke apimwe damu ndani ya saa 24. Akipewa dawa, amalize zote hata akipata nafuu.

- Uliza habari za chanjo. Mwaka 2025 Uganda ilianza kuchanja watoto wadogo dhidi ya malaria katika wilaya nyingi. Chanjo ni ya dozi nne, kuanzia umri wa miezi 6. Uliza kituo chako cha afya kama inatolewa hapo, na usikose dozi za baadaye.

KUMBUKA

Mbu wote huzaliwa majini. Dawa ya bakteria huua viluwiluwi bila kudhuru watu, lakini ni lazima irudiwe kila wiki na ifike kila penye maji. Fukia kinachofukika, weka dawa kwa kisichofukika, lala ndani ya chandarua, na upime homa mapema. Njia moja peke yake haitoshi.

Kama una jirani asiyejua kusoma, msomee karatasi hii. Ukimaliza, ipitishe kwa nyumba ya pili.